Mstari wa Makaa kwenye Miguu ya Nduku

Pumba ya mahindi ina harufu yake, na mtu ambaye hajawahi kusimama karibu na mashine ya kukoboa ni vigumu kumweleza. Ni harufu tamu kidogo, ya vumbi lenye joto, na hukaa kwenye nywele hadi jioni. Mimi naijua vizuri kwa sababu mashine ni yangu. Niliinunua kwa jasho langu baada ya miaka kumi na moja ya kazi katika nchi za Ghuba, nilikoanza nikibeba magunia na kumaliza nikiwa msimamizi wa ghala zima. Katikati ya hapo nilisoma mpaka nikapata stashahada ya teknolojia ya chakula, na sikulipiwa karo na mjomba yeyote. Stashahada hiyo nimeitundika juu ya mizani. Wateja wangu hapa Kola huiona kabla hawajaniona mimi, na hivyo ndivyo nilivyotaka.

Juzi mama mmoja aliniletea debe la mahindi ya muthokoi, yale tunayoyatoa ganda kabla ya kuyapika na maharagwe. Nikamkobolea. Akachota kiganjani, akayatazama, akayarudisha kwenye debe.

"Rudia tena," akasema. "Nataka ikuwe nyeupe kabisa. Niko na mtoto mgonjwa, hawezi kula kitu ngumu."

"Anakula nini kingine?"

"Hiyo tu na chai."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi, nikautoa. Nilimweleza kwa urefu, labda urefu uliozidi alivyotaka, na mwishowe akaondoka na mahindi yaliyokobolewa mara moja na pumba yake kwenye mfuko. Alipokwenda zake nilikaa juu ya gunia, vumbi likiwa bado linaelea mlangoni, nikamkumbuka dada yangu Nduku na ule msimu miguu yake ilipoanza kupotea.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka jinsi mchele ulivyokuwa kwetu siku zile. Ulipikwa Krismasi, au harusi, au mgeni akija kutoka Nairobi. Siku nyingine zote tulikula isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja tangu asubuhi. Mimi na Nduku tuliishi na susu, bibi yetu mzaa baba. Baba alichonga mawe kwenye machimbo ya upande wa Lukenya, mama alishona nguo kiwandani Athi River, na wote wawili walirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilipewa jina la marehemu babu, kwa hiyo susu aliniita "bwana yangu" na kunigombeza kama nadhani alivyomgombeza yeye. Nduku alipewa jina la susu mwenyewe. Susu alimwita "wajina," na ungesikia sauti yake ikilegea kila alipolitamka neno hilo.

Nduku alikuwa na miaka kama minne surua ilipompata. Alitoka vipele hadi ndani ya mdomo, akakataa maji, akakataa uji, akawa mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Mwanamke mmoja wa kanisani alikuja kumwombea, na wakati wa kutoka akamwambia susu ajikaze. Susu hakujikaza. Alifungua mfuko wa mchele mweupe ambao mama alikuwa ameuleta uwekwe kwa ajili ya Krismasi, akaupika ukawa laini kama ugali wa mtoto mchanga, akamlisha Nduku kwa kidole. Nduku akameza. Siku ya pili akameza tena. Vipele vikakauka, macho yakafunguka, na wajina akarudi kwetu.

Lakini hakurudi kwenye isyo. Alikuwa ameonja mchele na hakutaka kitu kingine isipokuwa chai ya rangi, nyeusi kama maji ya kuloweka ngozi. Susu akasema mtoto aliyerudishwa kutoka kaburini hachaguliwi chakula. Mama akapelekewa ujumbe, na tangu hapo kila mwisho wa mwezi akaja na mfuko wa mchele. Susu aliuosha mara saba. Nilihesabu, maana nilikuwa mtoto wa kuhesabu. Maji ya kwanza yalitoka meupe kama maziwa, ya saba yakatoka safi kama ya mvua, na maji yote hayo akawamwagia kuku. Mchele ukapikwa, maji ya kupikia yakamwagwa nayo, ukapewa Nduku peke yake. Mimi na kuku tulikaa upande mmoja tukitazama.

Sitaficha kwamba nilimwonea wivu. Siku moja alikuwa ameketi uani juu ya gunia, miguu ameinyoosha mbele, bakuli mapajani. Nikamwomba kijiko kimoja. Akafunika bakuli kwa mkono. Basi nikapiga mbio, nikamruka miguu.

Kila mtoto wa kwetu alijua maana yake. Mtu akikuruka umenyoosha miguu, lazima aruke tena kurudi alikotoka, la sivyo hutakua, utabaki ulivyo. Wengine walisema miguu yenyewe hukauka. Nduku akaanza kulia. "Rudi, Kyalo. Nirukie urudi." Nikamwambia nitarudi akinipa mchele. Hakunipa. Nikaenda zangu kuchunga mbuzi.

Sijui zilipita wiki ngapi. Ninachokumbuka ni sauti ya nyayo zake. Nduku alianza kutembea kwa kupiga miguu chini, pa, pa, kama mtu aliyevaa viatu vya baba yake. Kisha akaanza kujikwaa pasipo na jiwe. Akiketi hakuweza kuinuka bila kushika kitu. Alisema kuna siafu ndani ya miguu yake, na susu akamvua soksi, akazikung'uta, akatafuta siafu hao asiwapate. Sauti yake nayo ikakwaruza, kama kuku mwenye mafua.

Mimi nilijua. Hakuna mtu mwingine aliyejua, lakini mimi nilijua. Nikangoja siku ameketi uani vile vile, juu ya gunia lile lile, nikaruka kurudi. Nilikuwa mwangalifu, nikaanzia upande ule niliotua mara ya kwanza. Asubuhi yake nikamtazama akiamka. Akaanguka kando ya kitanda.

Hapo ndipo kitu fulani kilipoanza kichwani mwangu, kitu ambacho walimu wa chuo walikuja kukiita jina refu na kunipa alama nyingi kwa ajili yake. Nilijiuliza: kama kuruka ndiko kulikoleta, mbona kurudi hakukuondoa? Labda deni lilikuwa limezaa. Nikaruka mara mbili, hadi mara kumi na mbili, huku na huku, mpaka vumbi likatimka. Susu akatoa kichwa jikoni.

"Bwana yangu, hiyo ni dansi gani?"

"Nacheza na Nduku."

"Yeye amekaa na wewe unaruka kama panzi. Nani anacheza?"

Nduku alicheka. Miguu haikubadilika. Basi nikaanza kushuku kwamba huenda si mimi, lakini kushuku hakukunitosha. Nilitaka kujua.

Nikaokota unyoya wa kuku. Nduku alikuwa mtoto wa kutekenyeka, ukimwonyesha kidole tu tayari anajikunja. Nikamtekenya nyayo. Alikuwa anatazama mawingu na aliendelea kuyatazama. Nikapanda juu, kwenye kifundo cha mguu, kimya. Nikapanda kidogo tena, na ghafla akavuta mguu na kucheka. Nikarudia mguu wa pili. Alicheka mahali pale pale. Nikachukua kipande cha makaa jikoni, nikachora mstari kwenye kila mguu, pale kicheko kilipoanzia.

Baada ya siku chache nikarudia. Kicheko kilikuwa kimepanda juu ya mstari, upana wa vidole viwili. Nikachora wa pili juu yake, baadaye wa tatu, nikiikoleza kila ilipofifia. Kitu kilichonishangaza zaidi ni kwamba miguu yote miwili ilikubaliana. Nilijaribu kuichanganya, nikaanza na wa kushoto, nikamfumba macho kwa leso, ikakubaliana tu. Nikafikiri: mtu akirukwa, mguu ulio karibu si ungeumia zaidi? Nilikuwa darasa la tatu. Nimekaa na wahandisi waliosoma vyuo vikubwa ambao hawangejiuliza swali hilo.

Mstari wa tatu ulipofika chini tu ya magoti, Nduku alishindwa kusimama kabisa. Susu akamfunga mgongoni kwa leso, akanishika mkono, tukaenda hospitali mjini.

Daktari alikuwa mwanamke kijana kutoka magharibi ya nchi, hajui Kikamba hata neno moja. Susu naye Kiswahili chake kilikuwa cha soko, cha kuuza mayai. Kwa hiyo nikasimama katikati yao kama mkalimani. Kiswahili nilikuwa wa kwanza darasani, na nilitaka chumba kizima kijue.

"Huyu mtoto iko na shida ya miguu," susu akaanza mwenyewe. "Miguu imekataa."

Daktari akamchuchumaza Nduku sakafuni, akamwomba ainuke. Nduku akabaki huko huko. Akambinya misuli ya nyuma ya miguu, Nduku akalia. Kisha akachukua kinyundo cha mpira, akamgonga chini ya goti. Hakuna kilichotokea. Akanigeukia mimi, akanigonga, na mguu wangu ukaruka wenyewe nikakaribia kumpiga teke. Nikamwomba anigonge tena. Akanigonga tena. Ningekaa pale siku nzima.

Ndipo alipoiona mistari.

"Ni nani amechora hii?"

Susu akalowesha kidole kwa mate. "Ni uchafu, daktari. Tulitoka haraka." Akaanza kufuta. Daktari akamshika mkono polepole.

"Ni mimi," nikasema, na nikamweleza unyoya, kicheko, na mstari wa kila mara. Hakucheka. Alichukua pamba, akaisokota ncha, akampitishia Nduku miguuni kuanzia vidole. Nduku akavuta mguu karibu kabisa na mstari wangu wa tatu. Daktari akakaa kwenye kiti.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu."

"Na kwa nini ulifanya?"

Nikajua wakati umefika. "Nilitaka kujua kama ni kwa sababu nilimruka."

Hakuuliza kumruka ni nini. "Hata kwetu wanasema hivyo," akajibu. "Mimi niliwaruka ndugu zangu wote, na sikurudi. Mmoja siku hizi huinama kupita mlangoni. Si wewe." Kisha, bila kubadilisha sauti, akauliza: "Anakula nini?"

Swali hilo susu alilielewa bila mimi. Alikaa wima, akarekebisha kitambaa cha kichwa. "Mchele," akasema. "Mchele mzuri, nyeupe. Kila siku. Mimi naosha mara saba. Watoto wengine wa pale kwetu hawapati."

"Na nini kingine?"

"Chai."

"Maharagwe? Maziwa? Mboga?"

"Hapana. Hataki, na mimi silazimishi. Huyu ni wajina yangu."

Daktari akaniuliza mchele ulianza lini, nikamsimulia surua na kidole cha susu; ndipo akaniambia nitafsiri, akazungumza taratibu ili nisikose. Alisema hivi: "Mwambie bibi kwamba ule mchele ulimwokoa mtoto. Wakati wa surua, kama hangemlisha kwa kidole chake, tungekuwa tumemzika. Mwambie hilo kwanza. Sasa mwambie kwamba mchele mweupe peke yake hautoshi. Mishipa inayobeba habari kutoka miguuni hadi kichwani inahitaji vitamini, na vitamini hiyo hukaa karibu na ganda la nafaka, kwenye maharagwe, kwenye mbaazi. Mashine imeiondoa, maji yameosha kidogo kilichobaki, na chai nyeusi nayo inaizuia. Miguu ina njaa, ingawa tumbo limeshiba."

Nilikuwa nimeachiliwa dakika moja iliyopita. Nilikuwa mwepesi, nilikuwa mwerevu, daktari alikuwa amekaa kwenye kiti kwa sababu yangu. Nikamgeukia susu na kwa Kikamba kilichonyooka, kwa sauti ya mtoto anayejibu swali mbele ya mkaguzi, nikasema: "Daktari anasema ni mchele. Mchele wako ndio umemharibu Nduku miguu. Unaosha vitamini yote na kuwapa kuku."

Ile sehemu ya kwanza, ile aliyosema niitangulize, sikuitafsiri. Sikuisahau. Niliona haina haja.

Susu alinitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Mwambie daktari asante."

Nduku alilazwa akidungwa sindano. Baada ya siku chache sauti ilirudi, na unyoya ukaanza kumchekesha chini ya mstari wa tatu, baadaye chini ya wa pili. Tuliporudi nyumbani tulipewa vidonge, lakini daktari alimwonya mama, aliyekuwa ameomba ruhusa kiwandani, kwamba vidonge bila chakula ni kutwanga maji kinuni. Lazima mtoto ale mbaazi, ndengu, isyo yenye ganda lake. Asipokula, miguu itaondoka tena, na safari ijayo huenda isirudi yote.

Na Nduku hakula. Mama alipika mbaazi kwa vitunguu, akaziponda, akamwimbia, akamtisha. Nduku akafunga mdomo. "Nataka ya susu," alisema. Lakini susu alikuwa ameacha kupika. Alikaa upande wa pili wa ua akipepeta maharagwe yaliyokwisha kupepetwa. Akiitwa alishe mtoto alijibu, "Mikono yangu? Hapana. Mimi nitachota maji tu." Mama alibakiwa na siku mbili za ruhusa. Siku ya kwanza ikapita, Nduku akala vijiko vitatu na kuvitema.

Siku ya pili, mama akiwa anakunja nguo zake kwenye mfuko, nilivuka ua nikakaa mbele ya susu.

"Susu, mimi nilimruka Nduku miguu. Sikurudi mpaka baadaye sana."

"Kwa nini unaniambia?"

"Daktari alisema si hiyo. Lakini mimi nilifikiri ni hiyo, siku nyingi."

Aliendelea kupepeta. "Kwa hivyo wewe umetoka na mimi nimeingia, bwana yangu."

Nimesimama mbele ya Waarabu wenye ghala nikatetea watu wangu arobaini, na haikuwa ngumu kama maneno niliyotaka kusema. Nikamwambia kuna kitu daktari alisema ambacho sikumtafsiria. Mkono wake ukasimama.

"Alisema nini?"

"Alisema niseme hilo kwanza. Alisema wakati wa surua, mchele wako ndio ulimwokoa. Kama hungemlisha kwa kidole tungekuwa tumemzika."

"Alisema kwa kidole?"

"Alisema."

"Nani alimwambia nilimlisha kwa kidole?"

"Mimi. Aliniuliza mchele ulianza lini."

Susu aliweka ungo chini. Nilingoja kofi, na ningelikubali. Alinitazama vile vile alivyonitazama hospitalini, kisha akasema, "Mkalimani wa nusu ni mbaya kuliko bubu. Kalete kinu." Nikakimbia.

Alitwanga mbaazi mwenyewe, akazichanganya na mahindi ambayo hayakukobolewa, akachemsha mpaka yakawa laini kama ule mchele wa surua. Akaketi chini, akamweka Nduku kati ya magoti yake, akachovya kidole. Nduku alikitazama kile kidole cha kahawia, akakinusa, akafungua mdomo. Uso wake ulijikunja, ila hakutema. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mfuko begani, na akaondoka bila kuaga ili asiharibu kitu.

Ilikuwa hivyo kila siku, kwanza kidole, baadaye kijiko. Mchele ulirudi kuwa wa Jumapili, nasi wote tukaula. Nduku alianza kwa kujivuta ukutani, kisha akashika mkia wa mbuzi, ambaye hakupenda. Mguu wa kulia ulichelewa, na hata leo, akiwa mama wa watoto watatu, akichoka nausikia ukipiga sakafu. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni mchana mmoja, susu akiwa jikoni amegeukia moto. Alikuwa amempa Nduku bakuli uani na kumwacha. Nikaona bakuli likiwekwa chini. Nikamwona Nduku akiinuka kutoka kwenye gunia bila kushika kitu, akalichukua bakuli, akavuka ua mzima, pa, pa, akimwaga mchuzi mguuni, mpaka mlango wa jikoni.

"Susu," akasema, "leo hujaweka chumvi."

Susu aligeuka. Alimtazama usoni, akamtazama miguuni, akatazama umbali kutoka kwenye gunia. Kisha akachukua kopo la chumvi rafuni, akaimwaga nyingi kupita kiasi.

"Kula hivyo hivyo," akamwambia, "uache maneno mengi."